Mnara Usiompita Jirani

Sisi tuliokulia Dodoma tulizoea kumwelekeza mgeni kwa kuba. Tulimwambia, "Ukishuka stesheni, inua macho, utaliona kuba la Kanisa Kuu, lifuate hilo." Hakuna aliyehitaji ramani. Kuba la Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu la Waanglikana lilikuwa alama ya mji, na si mbali nalo palikuwa na Kanisa Kuu la Walutheri, na misikiti yenye minara yake. Mwenye macho aliweza kuujua mji huu kwa nyumba zake za ibada kabla hajaujua kwa maduka yake.

Siku hizi maelekezo yamebadilika. Tunasema, "Shuka pale kwenye ghorofa refu." Mwaka 2012 Jiji la Dodoma, ambalo wakati huo lilikuwa manispaa, lilihesabiwa kuwa na watu 410,956. Sensa ya 2022 ilikuta watu 765,179. Katika miaka hiyo kumi Serikali ilihamia hapa, mji ukatangazwa kuwa jiji Aprili 26, 2018, na bei ya kiwanja cha katikati ya mji ikapanda kwa namna ambayo wazee wetu wasingeiamini. Kiwanja kikiwa ghali, mwenye nacho hujenga kwenda juu. Hilo si dhambi. Lakini linatuletea swali ambalo tumelikwepa kwa muda mrefu: jengo jipya liruhusiwe kwenda juu kiasi gani linapokuwa ubavuni mwa jengo lenye kumbukumbu ya watu wote? Na je, swali hilo ni la ofisa mipangomiji peke yake, au ni la waumini pia?

Katika kitabu cha Yoshua sura ya 4, Waisraeli walipovuka Yordani waliagizwa wachukue mawe kumi na mawili kutoka mtoni na kuyasimamisha Gilgali. Sababu iliyotolewa ni ya kawaida kabisa: watoto watakapouliza mawe haya maana yake nini, wazazi wapate pa kuanzia kusimulia. Mtoto haulizi habari za jiwe asiloliona. Kwa sababu hiyo tunaamini kwamba jambo la kimo cha majengo linatuhusu.

Nchi ya nyumba fupi

Kabla ya reli, nchi ya Ugogo ilikuwa nchi ya nyumba fupi. Mgogo alijenga tembe: kuta za miti na udongo, paa bapa la udongo, vyumba vilivyopangwa kuzunguka ua wa mifugo. Tembe lilifaa nchi yenye upepo mkali, jua kali na miti michache ya kujengea. Kwa mbali ungeweza usilione, kwa kuwa rangi yake ni ile ya ardhi. Vitu virefu vilikuwa mibuyu na milima ya mawe, na hivyo havikujengwa na mtu. Hata jina la mji wetu, kwa simulizi ya wenyeji, halitokani na kitu kilichoinuka bali kilichozama: Idodomya, mahali ndovu alipozama.

Injili nayo iliingia nchi hii kwa majengo mafupi. Wamisionari wa CMS waliokuwa wakielekea Uganda waliweka kituo Mpwapwa mwaka 1876, na kazi ya kudumu ikaanza pale mwaka 1878. Kituo hicho kiliharibiwa mwaka 1889 wakati wa vita vya Abushiri, kisha kikaanza upya. Baadaye vituo vikaenea Mvumi, Kilimatinde na kwingineko. Watu walikusanyika chini ya miti na ndani ya nyumba za udongo. Imani ya babu zetu haikungoja mnara.

Reli ya kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Dodoma mwaka 1910. Stesheni ikawa moyo wa mji, na mitaa ikapangwa kuielekea. Mwaka 1927 ikaundwa Dayosisi ya Central Tanganyika, na George Alexander Chambers kutoka Australia akawa askofu wake wa kwanza, makao yake yakiwa hapa Dodoma. Kanisa kuu lilipojengwa likapewa kuba, na kuba hilo likawa alama ambayo msafiri wa treni aliitambua. Wakatoliki wa shirika la Wapasionisti, Walutheri, Waismailia, Wasuni na Masingasinga nao wakajenga nyumba zao za ibada katika mji huu huu mdogo. Tunasema wazi kwamba kumbukumbu tunayoizungumzia si ya Wakristo peke yao.

Sheria inaanzia wapi

Wengi wetu tunadhani majengo haya yanalindwa na sheria kwa kuwa ni ya zamani. Tulidhani hivyo sisi pia. Lakini Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Yaliyojengwa baada ya hapo hulindwa pale tu Waziri anapoyatangaza rasmi.

Sasa hebu tuhesabu. Misheni ya Bagamoyo ilianza 1868. Mpwapwa ni 1876. Reli yetu ni 1910, dayosisi yetu ni 1927. Ina maana kwamba karibu historia yote ya Ukristo wa bara la nchi yetu imeangukia upande usiolindwa wa mstari huo. Kondoa, kaskazini mwa mkoa wetu, michoro ya miambani ya Kolo inalindwa na sheria, na tangu 2006 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Hilo ni jema sana. Lakini kanisa alilobatizwa nyanya yako halina ulinzi wa namna hiyo kwa sababu tu ya umri wake. Ukuta wake unaweza kubaki salama, na bado jengo jirani likainuka mpaka kanisa likaonekana kama banda la kuhifadhia zana. Hakuna aliyebomoa kitu, lakini kilichokuwa kinaonekana hakionekani tena.

Mpango wa mji usiojikweza

Si kwamba Dodoma haikuwahi kuwaza juu ya kimo. Mwaka 1973 chama cha TANU kiliamua makao makuu yahamie hapa, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, tuliyoizoea kwa jina la CDA, ikaundwa mwaka huohuo. Mpango kabambe wa kwanza ulikamilika mwaka 1976, ukiwa umeandaliwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Kanada. Mpango huo uliukataa mji mkuu wa kujionyesha. Ulitaka makazi yapangwe kama jumuiya jirani jirani, watu waende kwa miguu na kwa basi, majengo yawe ya kadiri, na milima iendelee kuonekana. Ulikuwa mji wa siasa ya Ujamaa, uliokusudiwa kufanana na nchi ya wakulima wanaouhudumia.

Tunaweza kubishana kuhusu Ujamaa. Wazee wetu wanaikumbuka Operesheni Dodoma ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, waliposogezwa kutoka kwenye matembe yao kwenda vijijini, na si kumbukumbu tamu kwa wote. Lakini wazo kwamba mji mkuu unaweza kuwa na heshima bila kuwa mrefu lilikuwa wazo zuri, nasi Wakristo tunalitambua. Hekalu la Sulemani, kwa kipimo cha 1 Wafalme 6, lilikuwa na kimo cha dhiraa 30. Hizo ni kama mita 13 au 14, sawa na ghorofa la sakafu nne. Dunia ilimjia Sulemani kutazama nyumba hiyo.

CDA ilivunjwa Mei 2017, kazi zake zikapelekwa kwenye halmashauri, na sasa jiji lina mpango kabambe mpya wa 2019 hadi 2039. Ofisi za wizara zimepelekwa Mtumba, nje ya mji wa zamani. Hilo limeupunguzia mji wa stesheni na kuba mzigo mkubwa.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawalizungumzi. Kwa sehemu, anga la katikati ya Dodoma limechungwa na ndege. Uwanja wetu wa ndege uko ubavuni mwa mji wenyewe. Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga kwa miaka mingi zimetaka kwamba kuzunguka njia kubwa ya kurukia, hadi umbali wa kilomita 4 hivi, vitu visizidi mita 45 juu ya usawa wa uwanja, na kwenye mapito ya ndege pawe chini zaidi. Sasa uwanja mpya wa kimataifa unajengwa Msalato. Ikiwa siku moja uwanja wa zamani utaacha kutumika, kizuizi hicho kitaondoka nao. Tusipokuwa na sababu yetu wenyewe ya kulinda anga hilo, tutagundua kwamba lililindwa kwa bahati tu.

Askofu, Sultani na saa

Unguja kuna simulizi inayotufaa. Soko la watumwa la mjini lilifungwa mwaka 1873, zama za Sultani Barghash. Sikukuu ya Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la Kanisa Kuu la Kristo mahali pa soko hilo, na Askofu Edward Steere akausimamia ujenzi kwa miaka mingi. Ibada ya kwanza ilifanyika ndani yake Krismasi ya 1877. Sultani naye alikuwa mjenzi: kasri lake la Beit al-Ajaib lilikamilika mwaka 1883.

Inasimuliwa kwamba Barghash alimwomba askofu asiujenge mnara wa kanisa ukapita kimo cha Beit al-Ajaib. Askofu akakubali, na Sultani akalipa kanisa zawadi ya saa ya mnara.

Tuitazame simulizi hiyo kwa makini. Steere alikuwa na kila sababu ya kujenga juu. Alikuwa amesimama mahali ambapo binadamu waliuzwa. Angeweza kusema kwamba ushindi wa Injili unastahili mnara unaoufunika mji wote. Badala yake, kwa simulizi hii, alikubali kuwa jirani. Wala Sultani hakushinda kwa nguvu. Aliomba, kisha akatoa. Saa ile ikawapa Waislamu na Wakristo wa mji huo wakati mmoja.

Na wakati haukuheshimu kimo cha mtu. Agosti 27, 1896, mizinga ya Waingereza iliupiga ufuo ule na kuuangusha mnara uliokuwa mbele ya kasri. Desemba 25, 2020, siku ya Krismasi, sehemu ya Beit al-Ajaib yenyewe iliporomoka wakati wa matengenezo na kuua watu. Ndiyo maana hatuzungumzi juu ya kuabudu majengo. Mawe huanguka; Bwana wetu mwenyewe aliwaambia hivyo wanafunzi walioshangilia mawe ya hekalu. Tunazungumza juu ya namna majirani wanavyoishi pamoja wakati mawe yangali yamesimama.

Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na una mamlaka yake ya uhifadhi tangu 1985. Hata hivyo hoteli mpya ilipoongezwa kwenye jengo la kale la Mambo Msiige ufukweni, Kamati ya Urithi wa Dunia ilionyesha wasiwasi zaidi ya mara moja kuhusu ukubwa wake. Kanuni zikiwepo bila watu wa kuzisimamia, jengo hukamilika kwanza na mjadala hufuata.

Dar es Salaam nayo inatufundisha. Zamani aliyeingia bandarini kwa meli alipokewa na minara miwili: wa Azania Front wa Walutheri, uliojengwa kuanzia 1898, na wa Mtakatifu Yosefu wa Wakatoliki, ulioanza 1897. Leo nyuma na pembeni yake yamesimama majengo yenye sakafu zaidi ya 30. Makanisa yapo na watu wanasali. Lakini aliyeko baharini huyatafuta.

Wengine walifanyaje

Mwaka uleule treni ilipofika Dodoma, 1910, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kimo cha majengo ya Washington. Kimo kilifungwa kwa upana wa barabara, na kwenye mitaa mingi ya biashara hakikupita mita 40 hivi. Watu wengi hudhani lengo lilikuwa kulinda kuba la Bunge lao. Asili yake hasa ilikuwa hofu ya moto, baada ya hoteli moja kujengwa juu kuliko ngazi za zimamoto. Ulinzi wa kuba ulikuja kama baraka ya nyongeza.

London ilichagua njia nyembamba zaidi. Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo lilikamilika mwaka 1710, na kuba lake lina mita 111. Katika miaka ya 1930 majengo ya ofisi yalianza kulificha, na msimamizi wa jengo la kanisa, Godfrey Allen, akachora mistari ya macho kutoka madarajani na mitaani hadi kwenye kuba. Wenye majengo wakakubali kutoikata mistari hiyo. Nje ya mistari, mji umejenga minara mirefu sana. Ndani yake, kuba bado linaonekana.

Mfano wa London unatufaa kuliko wa Washington, nasi tutaeleza kwa nini.

Hoja ya jirani maskini

Katika vikao vyetu vya kanisa kuna mzee ambaye kila tunapoligusa jambo hili huuliza, "Mkizuia watu kwenda juu, watakwenda wapi?" Ni swali la haki. Mji usiokwenda juu huenda pembeni. Na pembeni mwa Dodoma si jangwa. Ni mashamba ya mtama na uwele, malisho, na makaburi ya watu. Upimaji wa viwanja umezifikia familia nyingi za Wagogo, na kila aliyekaa nao anajua uchungu wa mama anayeambiwa shamba lake sasa ni kiwanja namba fulani. Kulinda kuba la mjini kwa kumtoa mkulima shambani si haki, hata tukiita uhifadhi. Tena mji ukitawanyika, anayelipa nauli ndefu ni yule asiye na gari.

Kwa hiyo hatutetei mji mfupi wote. Tunatetea duara dogo. Penye stesheni ya zamani, makanisa makuu, misikiti ya kale na nyumba za mwanzo za mji, jengo jipya lisipite kimo cha lile lililolikuta, na mitaa miwili mitatu inayoelekea huko iachwe wazi machoni. Nje ya hapo, watu wajenge juu kwa kadiri ardhi, maji na zimamoto vinavyoruhusu. Duara hilo ni sehemu ndogo mno ya jiji. Halimnyimi mtu makazi.

Torati inatuonyesha kwamba Mungu hajali roho tu akapuuza paa. Kumbukumbu la Torati 22 humwagiza mjenzi wa nyumba mpya aweke ukuta mdogo pembeni mwa dari, ili mtu asianguke akafa. Hiyo ni kanuni ya ujenzi, na iko katika Maandiko. Msingi wake ni kwamba nyumba yako ina madai juu ya usalama wa mwingine. Mithali nayo hukataza kusogeza alama ya mpaka iliyowekwa na wazazi. Mjenzi wa Babeli hakukosea kwa kutumia matofali. Alikosea kwa kutaka jina lake liwe juu ya majina yote.

Tukianzia kwetu

Hapa tukiri. Anayeweza kulificha kanisa la kale kwa urahisi kuliko wote ni kanisa lenyewe. Kanisa lina viwanja katikati ya miji, viwanja vya zamani, vikubwa, penye biashara. Wawekezaji wanavijua. Huja na michoro mizuri: kitega uchumi cha sakafu kumi, maduka chini, ofisi juu, mgawo wa kila mwezi kwa kanisa. Nasi tuna shule za kuendesha, zahanati zisizo na dawa, wachungaji waliostaafu bila nyumba. Tumekaa katika vikao ambako mchoro kama huo ulifunuliwa mezani, na kanisa la zamani likaonekana pembeni kama kibanda cha mlinzi, na hakuna aliyesema neno kwa sababu kila mtu alikuwa anahesabu fedha. Sisi pia tulikuwa tunahesabu.

Hatusemi kitega uchumi ni kosa. Tunasema kikao kile kilikosa swali moja: mtoto atakayesimama hapa baada ya miaka hamsini atauliza nini, na ataona nini cha kuulizia? Kiwanja kimoja kinaweza kubeba vyote. Jengo la sakafu nne, lililorudishwa nyuma, lina mapato pungufu kuliko la kumi. Upungufu huo ni sadaka, na tuuite kwa jina lake. Steere, kama simulizi ni kweli, alitoa sadaka ya namna hiyo, akapewa saa.

Tunaweza kuanza na mambo matatu yasiyohitaji fedha. Kwanza, parokia, sharika na parishi za mji huu, pamoja na majirani zetu Waislamu, tuandike orodha ya majengo yetu ya kale, na picha zake kutoka barabarani jinsi yalivyo leo, tuiombe Serikali iyatangaze yanayostahili. Pili, jiji linapobandika mchoro wa mipangomiji na kukaribisha maoni, tufike. Viti vya mikutano hiyo huwa vitupu, kisha tunalalamika. Tatu, vikao vyetu vya juu viweke azimio lililoandikwa kwamba hatutajenga katika kiwanja chetu chochote jengo linaloificha nyumba ya ibada ya kale, iwe yetu au ya jirani. Tukijifunga wenyewe kwanza, tutakuwa na uso wa kumwomba mwingine.

Mungu haishi katika nyumba zilizofanywa kwa mikono. Stefano alilisema hilo, akafa kwa kulisema. Lakini sisi tunaishi humo, na wanetu watajifunza humo. Jumapili ijayo ukitoka ibadani, mshike mtoto mkono, mvuke naye barabara, mtazame kuba mkiwa mbali kidogo. Akikuuliza ni la nini, usiwe na haraka ya kwenda chakulani.